Fransisko Ksaveri na swali la Yamaguchi: Wazee wetu waliokufa bila ubatizo wako wapi?

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Desemba, Kanisa Katoliki humkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye wengine huandika jina lake Francis Xavier. Hapa Afrika Mashariki jina hilo limepewa parokia, vigango na shule. Wengi wetu tunamjua kwa picha tu: padre mwenye ndevu, msalaba mkononi, akiwabatiza watu wa nchi za mbali.

Katika makala hii tunasimulia maisha yake kwa sababu ya swali aliloulizwa huko Japani mwaka 1551. Swali hilo bado linaulizwa vijijini kwetu, mara nyingi kwa sauti ya chini, watu wakishatoka makaburini. Mzee aliishi vizuri, akalea watoto wake, akawagawia jirani chakula wakati wa njaa, kisha akafa kabla ya kusikia jina la Yesu. Au alikufa akiwa Mwislamu, huku nusu ya wajukuu wake ni Wakatoliki. Au alikufa bila kufuata dini yoyote. Yuko wapi sasa? Na sisi tuliobatizwa, tutamwona tena?

Fransisko aliulizwa maswali ya aina hii zaidi ya mara moja, na alitoa majibu mawili tofauti. La kwanza liliwaliza watu, na yeye mwenyewe karibu alie pamoja nao. La pili liliwatuliza. Kanisa lilitumia zaidi ya miaka 400 kufikia mahali ambapo jibu la pili lilikuwa linaelekea.

Mtoto wa ngome iliyobomolewa

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, kwenye ufalme mdogo wa Navarra uliokuwa kati ya Hispania na Ufaransa. Ksaveri ni jina la ngome hiyo. Alikuwa kitinda mimba. Nyumbani walizungumza Kibaski, na baba yake, Juan de Jasso, alikuwa mwanasheria na mshauri mkuu wa mfalme.

Raha ya nyumba hiyo haikudumu. Mwaka 1512 majeshi ya Hispania yaliiteka Navarra. Miaka mitatu baadaye baba alifariki, na mwaka 1516 kuta na minara ya ngome yao ilibomolewa kwa amri ya watawala wapya. Kaka zake wakubwa waliendelea kupigana kujaribu kuurudisha ufalme, bila mafanikio.

Mwaka 1525, akiwa na umri wa miaka 19, Fransisko alikwenda Paris kusoma chuo kikuu. Alikuwa kijana mwenye akili na mpenda michezo, na alitaka kupata cheo kitakachoiinua tena familia yake. Chumba chake alikishiriki na Pierre Favre, mtoto wa wakulima aliyekuwa amechunga kondoo utotoni. Mwaka 1529 akaingia mtu wa tatu: Ignasi wa Loyola, askari wa zamani aliyechechemea kwa sababu ya jeraha alilolipata mwaka 1521 akiitetea Pamplona. Katika vita hiyo kaka zake Fransisko walikuwa upande wa pili.

Ignasi alimwandama kwa upole muda mrefu kabla Fransisko hajakubali kuacha ndoto zake za ukubwa. Tarehe 15 Agosti 1534 wenzi saba walipanda kilima cha Montmartre mjini Paris wakaweka nadhiri ya kuishi kimaskini na kumtumikia Mungu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, ambalo Papa Paulo wa Tatu alilithibitisha mwaka 1540. Fransisko alipewa upadre mjini Venice mwaka 1537.

Safari ya kwenda India aliipata kwa bahati. Mfalme João wa Tatu wa Ureno aliomba mapadre wa kupeleka katika nchi za mashariki, na mmoja wa walioteuliwa akaugua. Ignasi akamtuma Fransisko. Alijitayarisha kwa muda mfupi sana, akaondoka Roma Machi 1540. Wawili hao hawakuonana tena.

Msumbiji, kisha Malindi

Merikebu yake iliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Safari ilichukua miezi 13. Ilizunguka Afrika kusini, na kwa kuwa upepo wa msimu ulikuwa umewapita, abiria walilazimika kukaa miezi mingi katika Kisiwa cha Msumbiji. Fransisko alihudumia wagonjwa katika hospitali ya Wareno huko, hadi yeye mwenyewe akashikwa na homa kali.

Mapema mwaka 1542 walipopata upepo walielekea kaskazini wakatia nanga Malindi, katika pwani ya Kenya ya leo. Malindi ilikuwa mji wa Waislamu, na ilikuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498. Wafanyabiashara Wareno waliishi pale, na karibu na mji Fransisko aliona msalaba mkubwa wa jiwe walioujenga. Mmoja wa wasafiri alikuwa amefariki, wakamzika pale. Katika barua yake Fransisko alieleza kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na namna Wakristo wanavyowazika wafu wao.

Ndipo mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, alipomwendea kwa mazungumzo. Alitaka kujua kama Wakristo bado wanajaa makanisani na kusali kwa moyo. Alikuwa na huzuni, kwa sababu mji wake ulikuwa na misikiti 17, na ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Hakuelewa ibada imepunguaje kiasi hicho.

Kwetu sisi tunaoishi na majirani wa dini nyingine, mazungumzo hayo yanaeleweka kirahisi: mtu wa dini anamlalamikia mtu wa dini mwenzake kwamba watu wamelegea. Jibu la Fransisko lilikuwa kali. Alimwambia kwamba Mungu hapokei sala za wasioamini, na ndiyo sababu ibada zao zinafifia. Mzee hakukubaliana naye, na wakaachana kila mmoja na msimamo wake.

Jibu hilo linatuonyesha Fransisko alitoka Ulaya na imani gani. Tuangalie ilitoka wapi.

Mzigo aliosafiri nao

Tangu karne ya tatu, Cyprian, askofu wa Karthago huko Afrika ya Kaskazini, alifundisha kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Yeye alikuwa akiwaonya Wakristo waliotaka kujitenga na kuanzisha makundi yao. Baadaye maneno hayo yalipanuliwa. Mwaka 1442 Mtaguso wa Florence ulitangaza kwamba wapagani, Wayahudi na Wakristo waliojitenga wataingia katika moto wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa.

Wakristo wengi wa Ulaya wa wakati huo waliamini kwamba Injili imekwisha kufika karibu kila mahali duniani. Kwa hiyo walimwona mtu aliye nje ya Kanisa kuwa ni mtu aliyesikia akakataa. Miaka 50 baada ya tamko hilo, Columbus alifika Amerika, na ikajulikana kwamba mamilioni ya watu hawakuwahi kusikia lolote. Wanateolojia wachache walianza kulifikiria jambo hilo upya. Huko Salamanca, Hispania, Padre Francisco de Vitoria alifundisha mwaka 1539 kwamba mtu ambaye hajawahi kusikia habari za Kristo hawezi kuhesabiwa kosa la kutomwamini. Lakini mafundisho ya namna hiyo yalikuwa bado machanga, na Fransisko alisafiri na yale ya zamani.

Alitia nanga Goa, India, tarehe 6 Mei 1542. Alipita mitaani akipiga kengele kuwaita watoto kwenye mafundisho, akatembelea wafungwa na wenye ukoma. Baada ya miezi michache alikwenda kusini kabisa mwa India, kwa wavuvi wa Kiparava waliopiga mbizi kutafuta lulu. Wengi wao walikuwa wamebatizwa miaka michache kabla, walipotafuta ulinzi wa Wareno, lakini hawakuwa na padre wala mwalimu. Fransisko alitafuta wakalimani, akatafsiri sala kwa Kitamili, akazikariri, akatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Aliandika kwamba katika eneo la Travancore alibatiza zaidi ya watu 10,000 ndani ya mwezi mmoja, na kwamba mara nyingi mkono wake ulichoka kwa kubatiza.

Mwaka 1544 aliwaandikia wenzake Ulaya kwamba anatamani kurudi kwenye vyuo vikuu, hasa Paris, apige kelele kama mwendawazimu. Aliwalaumu wasomi kwamba wanatafuta vyeo huku roho nyingi zinapotea kwa uzembe wao. Barua hiyo ilinakiliwa na kusomwa sehemu nyingi za Ulaya. Ukiisoma unaelewa kwa nini hakupumzika. Kwake kila mtu aliyekufa bila maji ya ubatizo alikuwa amepotea, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa na hesabu yake.

Imani hiyo ilimfanya awe mtu wa huruma kubwa, lakini pia ilimfanya awe mkali. Alifurahia kuona watoto waliobatizwa wakivunja sanamu za dini ya wazazi wao. Mwaka 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba mahakama ya kuchunguza imani ianzishwe Goa. Mahakama hiyo ilianza mwaka 1560, yeye akiwa amekwisha kufariki, na iliwatesa watu wengi, hasa wale waliobatizwa kisha wakashukiwa kurudia desturi zao za zamani. Haitakuwa haki kuyasimulia maisha yake na kuliacha hilo.

Japani: machozi ya Yamaguchi

Mwezi Desemba 1547, akiwa Malacca katika Malaysia ya leo, Fransisko alikutana na Mjapani aitwaye Anjiro, aliyekimbia kwao baada ya kuua mtu. Anjiro alimweleza kwamba Wajapani ni watu wa kuuliza maswali, na hawafuati jambo bila kulipima kwanza. Hilo lilimvutia. Tarehe 15 Agosti 1549 walifika Kagoshima, kusini mwa Japani, pamoja na Padre Cosme de Torres na Bruda Juan Fernández.

Fransisko aliwapenda Wajapani mapema. Aliandika kwamba katika watu wote wasio Wakristo aliokutana nao hakuona waliowazidi kwa adabu, kwa uaminifu na kwa kuthamini heshima kuliko mali. Makosa pia alifanya. Kwa kufuata tafsiri ya Anjiro, alimwita Mungu kwa jina la Dainichi. Baadaye aligundua kwamba hilo ni jina la Buddha mmojawapo, akaacha kulitumia na badala yake akatumia neno la Kilatini.

Majira ya baridi ya mwaka 1551 alitembea kwa miguu kwenye theluji hadi Kyoto akitaka kuonana na mfalme, asipokelewe. Akarudi Yamaguchi. Safari hii alivaa mavazi mazuri na kupeleka zawadi, ikiwemo saa, na mtawala Ouchi Yoshitaka akamruhusu kuhubiri na kumpa nyumba ya watawa wa Kibuddha iliyokuwa haitumiki. Watu walimiminika, wengine kusikiliza, wengine kubishana. Kulikuwa na maswali kuanzia asubuhi hadi usiku. Katika miezi miwili walibatizwa watu wapatao 500.

Ni hawa waliobatizwa waliomuuliza swali letu. Katika dini zao za awali walizoea kuwaombea marehemu na kutoa sadaka kwa ajili yao, na watawa waliwaambia kwamba hata aliyeko mahali pa mateso anaweza kutolewa. Sasa walitaka kujua: baba zao, mama zao, watoto wao waliokufa kabla padre hajafika, wako wapi? Je, sala na sadaka zinaweza kuwasaidia?

Fransisko hakuwaficha alichokiamini. Aliwajibu kwamba aliyeingia motoni hatoki, na kwamba hakuna la kufanya kwa ajili yao. Waliangua kilio. Aliandika kwamba walilia sana kwa ajili ya wafu wao, na kwamba yeye naye aliona uchungu kuwatazama marafiki anaowapenda wakilia kwa jambo lisilo na dawa.

Tunaijua habari hii kwa sababu yeye mwenyewe aliiandika, katika barua ndefu ya Januari 1552 aliyoituma kutoka India. Hakuwa mtu asiyejali. Alikuwa mtu aliyebanwa kati ya fundisho alilopewa na watu aliowapenda.

Jibu la pili

Barua hiyohiyo ina jambo jingine. Kabla ya kubatizwa, watu wa Yamaguchi walikuwa wamemhoji kuhusu wema wa Mungu. Kama Mungu ni mwema, walisema, kwa nini aliwaacha Wajapani bila kuwafundisha hadi leo? Kwa nini aliwasahau wazee wao?

Hapo Fransisko alijibu kwa njia nyingine. Aliwaeleza kwamba Mungu hakuwaacha. Muda mrefu kabla dini yoyote haijaletwa Japani kutoka China, Wajapani walijua kwamba kuua ni uovu, kuiba ni uovu, kusema uongo ni uovu. Nani aliwafundisha? Akawapa mfano wa mtu aliyekulia porini peke yake, asiyejua kusoma wala hajawahi kufundishwa na yeyote. Ukimuuliza kama kuua au kuiba ni kosa, atajua. Basi, alisema, Muumba wa watu wote ndiye aliyeiandika sheria hiyo moyoni mwao. Aliripoti kwamba jibu hilo liliwaridhisha na kuwaondolea kikwazo kikubwa cha kuamini.

Hebu tuyaweke majibu hayo mawili pamoja. Kama Mungu mwenyewe aliandika sheria yake moyoni mwa mzee wa Yamaguchi, na mzee huyo akaishi akiisikiliza, je, hakuwa anamsikiliza Mungu? Na anayemsikiliza Mungu kwa kadiri alivyopewa, anahukumiwa kwa lile ambalo hakupewa? Katika barua yake Fransisko hakuyaunganisha. Aliacha yote mawili, akaanza kupanga safari nyingine.

Kifo kisiwani

Huko Japani aliulizwa pia kwa nini Wachina, watu wenye elimu kubwa, hawajui dini yake kama ni ya kweli. Akaamua kwenda China. Nchi hiyo ilikuwa imefungwa kwa wageni. Mwaka 1552 alifika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani, akapatana na mfanyabiashara Mchina amvushe kwa siri hadi Guangzhou kwa malipo. Mfanyabiashara huyo hakutokea.

Mwezi Novemba Fransisko alishikwa na homa. Alikuwa katika kibanda, merikebu nyingi zimeondoka, na aliyemwuguza ni Antonio, kijana Mchina aliyebatizwa. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1552, akiwa na umri wa miaka 46. Mwili wake ulipelekwa Malacca, kisha mwaka 1554 Goa, ambako unatunzwa hadi leo katika kanisa la Bom Jesus. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na mwaka 1927 alitangazwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Theresia wa Lisieux.

Kanisa lilifikia wapi?

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1547, Fransisko akiwa katika visiwa vya Maluku, Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba mtu anahesabiwa haki kwa ubatizo au kwa kuutamani. Neno hilo la kutamani lilikuwa dogo, lakini wanateolojia waliendelea kuliuliza: je, mtu anaweza kuwa na tamaa hiyo bila yeye mwenyewe kujua jina lake?

Mwaka 1863 Papa Pius wa Tisa alisisitiza kwamba hakuna wokovu nje ya Kanisa. Wakati huohuo alisema kwamba wale wasioijua dini ya kweli bila kosa lao, wanaoshika sheria ya Mungu iliyo moyoni na kuishi kwa unyofu, wanaweza kupata uzima wa milele kwa nguvu ya neema. Sheria iliyoandikwa moyoni ndiyo ileile ambayo Fransisko aliwaeleza watu wa Yamaguchi.

Si wote waliokubali. Huko Boston, Marekani, Mjesuiti Leonard Feeney alifundisha kwamba asiyebatizwa kwa maji na kuwa Mkatoliki hawezi kuokoka kamwe. Mwaka 1949 Roma ilimwandikia askofu mkuu wa Boston kueleza kwamba Kanisa halilielewi fundisho hilo hivyo. Mwaka 1953 Feeney, aliyekuwa amekataa kutii, alitengwa na Kanisa. Alipatanishwa nalo mwaka 1972, kabla ya kufariki.

Kauli kubwa zaidi ilitolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao ulihudhuriwa pia na maaskofu wa Afrika, akiwemo Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba. Hati yake kuhusu Kanisa, iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964, inafundisha kwamba mpango wa wokovu unawahusu pia Wayahudi, na Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja mwenye huruma. Inafundisha kwamba wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu bila kumjua Kristo, wakijitahidi kwa msaada wa neema kufuata dhamiri yao, wanaweza kuokoka. Inawataja hata wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumtambua Mungu waziwazi, lakini wanajitahidi kuishi vema. Hati nyingine ya mwaka 1965 inaeleza kwamba Roho Mtakatifu anampa kila mtu nafasi ya kushiriki kifo na ufufuko wa Kristo, kwa njia anayoijua Mungu.

Tusilifanye fundisho hilo kuwa jepesi kuliko lilivyo. Kanisa Katoliki halisemi kwamba dini zote ni sawa, wala kwamba kila mtu ameshaokoka. Linafundisha kwamba yeyote anayeokoka anaokolewa na Kristo, hata kama hakumjua. Linafundisha pia kwamba mtu anayejua kwa hakika kuwa Mungu analitaka aingie katika Kanisa, kisha akakataa, anajiweka hatarini. Na linaendelea kutuma wamisionari, kwa sababu linaamini kumjua Kristo ni zawadi ambayo haipaswi kunyimwa mtu. Lakini halimhukumu mtu kwa kutopata alichokuwa hajaletewa.

Kama Fransisko angeulizwa leo

Watu wa Yamaguchi waliuliza pia kama wanaweza kuwaombea wafu wao. Leo padre wa kijijini angewajibu kwamba wanaweza. Katika Sala ya Ekaristi ya nne, inayotumika kwenye misa ya Kikatoliki, padre anawaombea Wakristo marehemu, kisha anawaombea wafu wote ambao imani yao inajulikana na Mungu peke yake. Mzee aliyekufa kabla ya misioni kufika yumo katika sala hiyo. Yumo pia shangazi Mwislamu, na mjomba asiyefuata dini.

Kama wako motoni au mbinguni, Kanisa halitaji. Limewahi kuwatangaza watu kuwa watakatifu, lakini halijawahi kumtaja mtu hata mmoja kwa jina kwamba ameingia motoni. Inaacha hukumu hiyo kwa Mungu, anayeuona moyo.

Fransisko alikwenda mwisho wa dunia aliyoijua kwa sababu aliamini kwamba bila yeye watu wangepotea. Kanisa lililomtangaza mtakatifu linafundisha leo kwamba Mungu alikuwa Yamaguchi kabla yake, na pia Malindi, wakati yule mzee alipokuwa akisikitikia misikiti iliyo mitupu. Aliyelia Yamaguchi mwaka 1551 hakuambiwa hivyo. Anayeuliza leo baada ya mazishi anaweza kuambiwa, na akipita kanisani anaweza kumwombea mzee wake bila kuficha jina lake.